Adero Hajui Kiswahili

Kombewa,
14 Februari 1988

Mpendwa Mwalimu Metrine,

Natumaini u mzima. Mimi pia ni mzima, isipokuwa tumbo, kwa sababu ninakula omena, vile visamaki vyenu vidogo vya ziwani, asubuhi na jioni na tumbo langu bado ni la Denmaki.

Nimefika salama. Mama Dorca Amolo alinipokea barabarani, akachukua begi langu, akalitia kichwani, akatangulia. Nilimwambia begi ni zito. Aliongeza mwendo. Nyumba yake iko juu kidogo ya bichi, ufuko wa wavuvi, na kutoka mlangoni ninaona mawe mapana ambapo akina mama wanaanika omena. Asubuhi mawe yote yanang'aa.

Ninafuata kila jambo ulilonifundisha. Jana nilimsalimu mzee mmoja njiani. Nilimwuliza habari za nyumbani, za mke, za watoto, za shamba na za ng'ombe. Alinijibu zote kwa utulivu. Kisha akaniuliza serikali itaanza lini kutoza kodi ya ng'ombe.

Mama Dorca hataki kusikia Kiingereza nyumbani kwake. Nikisema neno moja la Kiingereza ananigeuzia mgongo mpaka nilirudie kwa Kiswahili. Akina mama wa bichini husema Dholuo, yaani Kijaluo, wao kwa wao, lakini nikikaribia wanageuza na kusema Kiswahili kwa ajili yangu. Ninaona vizuri sana.

Nina habari ya mwisho, na nina furaha nayo. Nimepata jina. Mama Dorca ananiita Adero. Ni jina la mama yake ambaye alikufa. Je, ni sawa nikilitumia kazini?

Mwanafunzi wako,
Birgit (Adero) Lund


Manyatta, Kisumu,
1 Machi 1988

Binti yangu Birgit,

Barua yako tumeisoma mimi na mzee wangu Enos, naye alicheka kodi ya ng'ombe mpaka chai ikampalia. Bado anakohoa ninapoandika. Kiswahili chako kimenyooka, mno hata. Punguza kunyoosha. Ukizungumza na watu hivyo watadhani uko redioni.

Usijilaumu kwa yule mzee. Heri mtu anayeuliza habari nyingi kuliko anayeanza na haja yake. Unakumbuka nilivyokuwa nikikutuma sokoni Kibuye kununua vitunguu? Ukirudi na vitunguu bila habari za aliyeviuza, nilikurudisha, na jua lile la saa saba. Ulilia siku moja. Siku iliyofuata ukarudi ukijua hata mtoto wa yule mama anaumwa na sikio gani. Hapo ndipo nilipomwambia Enos kwamba huyu atajifunza.

Sasa nisikilize juu ya mambo mawili.

La kwanza ni jina. Jina la marehemu si soda, kwamba kila mgeni akija anafunguliwa ya kwake. Dorca amekupa mama yake umbebe. Mimi ni Mbukusu na si Mjaluo, lakini hata kwetu jina la aliyetangulia haligawiwi ovyo. Usiliandike kwenye makaratasi ya kazi. Litumie pale wanapokuita kwalo, na ukiitwa itika.

La pili, unasema akina mama wanageuza lugha ukikaribia, nawe waona vizuri. Vizuri ni kweli. Lakini ujue Kiswahili si lugha ya mama yake Dorca, wala si ya mama yangu. Mimi nilikikuta shuleni, nikakipenda, nikakifanya kazi. Dorca alikiokota sokoni akiuza omena. Wewe umekipata kwangu. Hakuna kati yetu aliyezaliwa nacho. Kila mmoja ametoka kwao akatembea, tukakutana hapo. Wanapokuacha usikie, wametoka nyumbani kwao kukulaki. Usije ukawaacha wamesimama njiani peke yao.

Dorca ni mteja wangu na mimi ni mteja wake, miaka mingi sasa. Nilipomwambia, "Mpokee, huyu ni mtoto wangu," hakuniuliza swali. Amekupokea kwa mdomo wangu. Ukimkosea umenikosea mimi, nami nitakuchapa, hata uwe mrefu namna gani.

Enos anakusalimu kwa kikohozi.

Mama yako,
Metrine Nakhungu


Kombewa,
9 Agosti 1988

Mama,

Niwie radhi kwa kimya. Si kwamba nimekusahau, ni kazi tu, na mikono yangu inanuka samaki hivi kwamba naona haya kugusa karatasi.

Ungekuwa hapa ungecheka. Siku hizi nikitania akina mama wananitania pia, hawanihurumii. Jumapili tuliimba kanisani, nikakosea ubeti, na mama mmoja mzee akaniambia kwa sauti, "Adero, wewe imba tu hivyo, Mungu anajua ulitoka mbali." Kanisa zima lilicheka, na mhubiri pia.

Lakini kuna jambo linalonikosesha raha. Mradi wetu wa samaki unataka kujenga jumba la barafu hapa bichini, ili mbuta, wale samaki wakubwa, wasioze kabla ya kufika kiwandani. Wazo lenyewe si baya. Shida ni mahali. Wahandisi wanapapenda pale penye mawe ya kuanikia, kwa sababu mwamba ni imara. Wanasema omena waweza kuanikwa popote.

Wewe wajua si kweli. Ukianika kwenye mchanga unauza mchanga. Mawe yale yalikuwa ya mama yake Dorca na ya wenzake kabla ya mradi wowote, nayo ndiyo yaliyowasomesha mwanawe Ouma na ndugu zake. Dorca ni mjane, hana mtumbwi, hana nyavu. Ana mawe.

Jioni tukiosha omena jikoni kwake, akina mama wananieleza yote. Wananiambia hata yale ambayo hawamwambii chifu. Wananiamini, Mama, na mimi nawapenda. Wameniomba niwasemee siku wakubwa watakapokuja kwa mkutano. Nimewaahidi. Nimesema nitasimama na kusema kwa Kiswahili, mbele ya wakubwa wote, ili kila mama asikie mwenyewe ninachosema, asisimuliwe na mtu.

Dorca alinishika mkono akasema, "Basi tumepata mdomo."

Niombee.

Wako,
Adero


Manyatta, Kisumu,
30 Agosti 1988

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na sioni haya kukuambia kwamba nilitoa machozi. Nimefundisha wazungu wengi pale hosteli ya kanisa. Wengi hujifunza "leta chai," "punguza bei" na "naomba kukupiga picha," wakaridhika. Wengine huweza hata methali, wakazitoa mezani wageni wakija, kama vile mtu anavyoonyesha vikombe vyake vizuri. Sikuwahi kumfundisha mmoja aliyesema, nitasimama niwasemee.

Nimejisifu. Nilisimama kanisani Jumapili nikamshukuru Mungu kwa ajili yako, ungenisikia mimi, mtu mzima, natamba. Na darasani, tangu Kiswahili kiwe cha mtihani, watoto huniuliza kina faida gani. Nimewaambia juu yako. Nimewaambia kuna binti wa Kizungu atakayesimama mbele ya wakubwa wake mwenyewe aseme Kiswahili, kwa sababu ya mawe ya mjane.

Sasa umenifunga, maana ahadi ni deni, na hili tunadaiwa sote wawili. Ukiogopa, angalia uso wa Dorca. Sema ulivyosema jikoni. Hakuna haja ya Kiswahili kizuri, sema tu.

Mama yako,
Metrine


Milimani, Kisumu,
20 Novemba 1988

Mpendwa Mwalimu Metrine,

Natumaini u mzima wa afya pamoja na Bwana Enos. Mimi pia ni mzima.

Mkutano ulifanyika wiki iliyopita. Ulikwenda vizuri na watu wengi walihudhuria. Mvua haikunyesha.

Nimehamishiwa ofisi yetu ya Kisumu, kwa hiyo sasa ninaishi Milimani. Sikupata nafasi ya kumuaga kila mtu. Kazi ni nyingi kwa sababu ya taarifa za mwisho wa mwaka. Nitakuja kukutembelea nikipata wakati.

Salamu kwa wote.

Birgit Lund


Kombewa,
4 Desemba 1988

Kwako Mwalimu,

Mimi Dorca nakusalimia sana, na Baba Enos pia mimi nasalimia. Sisi hapa tuko, lakini roho iko chini. Naandika mwenyewe, Kiswahili yangu ni ile unajua, utavumilia.

Umeuliza kwa watu mbona siku hizi sipiti kwako na omena. Ni haya, Mwalimu. Sikujua nitakuangalia namna gani.

Ile siku ya mkutano sisi wamama tulivaa nguo ya kanisa. Tuliweka kiti moja upande yetu, mimi nikaifuta na kitambaa, nikasema hii ni ya Adero. Gari ikakuja. Wakashuka wakubwa wawili, na Adero, na Zadock, ule bwana ya ofisi, Mjaluo mwenzetu, mtu ya Bondo. Adero akapita kiti yetu akaenda kukaa na wale wakubwa. Nikasema si neno, labda ni heshima ya kazi.

Mimi nikasimama nikamsalimia vile tunasalimiana kila siku. Nikasema, "Oyawore, Adero, nyathiwa." Mwalimu, akaangalia Zadock! Akangoja Zadock amwambie mimi nimesema nini. Nikafikiri ni upepo, hajasikia. Nikarudia kwa Kiswahili, nikasema, "Habari ya asubuhi, Adero, mtoto wetu, umelala namna gani?" Akaangalia Zadock tena. Zadock akamwambia kwa Kiingereza, na yeye akajibu kwa Kiingereza, na Zadock akaniambia, "Madam anasema asante." Ule mtoto alikuwa amelala kwangu, tena nilimpikia uji ile asubuhi, kabla aende kungoja gari ya wakubwa barabarani!

Ile mkutano yote alisema Kiingereza. Mimi nikaongea, nikaeleza mawe tangu mama yangu, nikaongea mpaka nikashikwa na machozi. Zadock akasimama akasema kitu kidogo tu, akakaa. Mama moja akamuuliza Adero kwa nguvu, "Si wewe ulituahidi?" Zadock akasema, "Madam hajui Kiswahili vizuri, muulize kupitia kwangu." Na yeye ameketi hapo anasikia. Hakusema hapana.

Halafu ule mkubwa ya Adero akatuambia kitu ikanimaliza. Akasema tusijifanye tuko pamoja, yeye anajua wamama wadogo hawataki mawe, wanataka wapewe mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta ikishatolewa nyama, wakaange wauze. Akataja mpaka majina. Ni kweli hiyo maneno ilikuwa kati yetu, tulikuwa tunagombana kidogo. Lakini ilisemwa jikoni kwangu, Mwalimu, tukiosha omena. Tulikuwa sisi na Adero. Wale wamama wadogo waliposikia majina yao, wakaahidiwa hapo hapo, wakanyamaza. Tukagawanyika hapo tukiwa tumekaa.

Sasa waya imezunguka mawe. Omena tunaanika kando ya barabara, gari ikipita inamwaga vumbi juu, na wateja wanasema omena ya Kombewa siku hizi iko na mchanga.

Wamama wananiuliza, "Dorca, ule mzungu yako alipoteza lugha wapi?" Na mimi nakuuliza wewe, kwa sababu wewe ndio ulimleta. Sina hasira na wewe. Lakini nimeuliza.

Mimi wako,
Dorca Amolo


Manyatta, Kisumu,
12 Desemba 1988

Birgit,

Nimepata barua kutoka Kombewa. Nimefika ofisini kwenu na bawabu ameniambia hupo, huku naona gari lako. Sikutaka kugombana na bawabu. Yeye hakunikosea.

Nina swali moja, nalo nimelifupisha ili usipate pa kujificha. Dorca alipokusalimu, ulimsikia?

Kama una jibu jingine zaidi ya lile ninalolijua, niambie upesi. Nitakuamini wewe kabla ya mtu yeyote. Niko tayari kwenda Kombewa kwa miguu kumwambia Dorca kwamba amekosea, kwamba ulikuwa mgonjwa, kwamba masikio yalikuwa yameziba. Nataka sana iwe hivyo. Sijawahi kuomba mtu awe mgonjwa, lakini leo naomba.

Metrine


Milimani, Kisumu,
23 Januari 1989

Mama,

Nilimsikia.

Nimekaa na kalamu hii tangu Krismasi, na kila nilichoandika kilikuwa ni kuzunguka mbuyu, kwa hiyo naanza na hilo. Nilimsikia kwa lugha zote mbili.

Nisikilize kidogo, halafu unichape kama ulivyosema. Asubuhi ile garini mkuu wangu aliniambia kwamba uamuzi ulishapitishwa tangu Nairobi, na mkutano ni wa kutangaza tu. Aliniambia, ukisema lugha yao watakuuliza wewe, na utajibu nini? Akasema nimtumie Zadock kama mkalimani. Nikaona ni neno la busara. Nilijua nikifungua mdomo kwa Kiswahili, Dorca angeniuliza, na jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa baya. Kwa Kiingereza niliweza kulisema bila kumtazama. Zadock ndiye aliyekuwa akimtazama.

Yale ya jikoni ni kweli niliyaandika katika taarifa zangu za kila mwezi. Niliajiriwa kusikiliza na kuandika, Mama. Ndiyo maana walilipia masomo yangu kwako. Sikuwaza kwamba mtu angeyasoma na kuyatumia vile. Au pengine niliwaza, nikaendelea, kwa sababu mkuu alikuwa akisifu taarifa zangu na mimi napenda kusifiwa. Unanijua.

Lile jumba litasaidia wengi. Bado naamini hivyo, siku nyingi. Siku nyingine naota nasalimiwa.

Nina maombi mawili, na najua sina uso wa kuyaomba. La kwanza, nenda kwa Dorca kwa niaba yangu. Mimi siwezi kusimama mbele yake. Wewe unajua namna ya kuzungumza naye, umweleze kwa maneno yanayofaa kwamba nilimpenda kweli, na kwamba yale mapenzi hayakuwa kazi.

La pili, nimepata nafasi ya kazi Dodoma, katika mradi wa visima vya akina mama vijijini. Wanataka mtu anayejua Kiswahili barabara, na wanaomba barua ya mwalimu wake. Hakuna mwingine anayeweza kunishuhudia. Huko nitaanza upya, na safari hii nitafanya vizuri.

Maji yakimwagika hayazoleki, wewe ndiye uliyenifundisha. Lakini mtoto akinyea mkono haukatwi, hilo pia ulinifundisha.

Binti yako,
Birgit


Manyatta, Kisumu,
2 Machi 1989

Kwa Bibi Birgit Lund,

Salamu. (Nilitaka kuongeza nyingine, nimeambiwa hiyo moja yatosha.)

Anayeandika ni Enos Wakoli, mume wa Mwalimu. Yeye ameketi hapa mbele yangu anamenya ndizi, ananiambia maneno kwa lugha ya kwetu, Lubukusu, nami nayaweka kwa Kiswahili. Nilimwuliza kwa nini asiandike mwenyewe, yeye ambaye ndiye mwenye Kiswahili humu ndani na mimi ni fundi tu mstaafu wa reli. Akanisogezea karatasi. Basi nisamehe makosa.

Anasema barua yako ameipata. Anasema ni Kiswahili kizuri kuliko chochote ambacho mwanafunzi wake amewahi kuandika, na kwamba alipomaliza kuisoma alitapika.

Anasema alikwenda Kombewa. Hakwenda kwa niaba yako, alikwenda kwa niaba yake mwenyewe, kuomba radhi kwa kumpelekea mtu mgeni ambaye hakumfahamu. Alimkuta Mama Dorca kando ya barabara anapepeta omena, kutoa mchanga. Waliketi wakapepeta pamoja mpaka ikaisha. Kisha Mama Dorca alimwambia, "Mwalimu, wewe sikulaumu. Na wewe pia ulianikwa kwa barabara." Wakalia wote wawili hapo, watu wakipita.

Anasema ujue pia kwamba mke wa Ouma amejifungua mtoto wa kike, naye ameitwa Adero. Mama Dorca amesema jina limepata mwenyewe. Kwa hiyo lile ulilokuwa nalo lirudishe, lina mtu.

Hapa alisema mengine mengi na kwa sauti kubwa. Mimi nimefupisha, wakalimani ndivyo tunavyofanya.

Juu ya ile barua ya Dodoma, anasema angependa kusaidia lakini hawezi. Nimemwuliza mara mbili niandike sababu gani. Anasema niandike kwamba yeye hajui Kiswahili vizuri.

Bibi, nimeishi na mwanamke huyu tangu tukiwa vijana, na humu ndani amekuwa akisema Kiswahili hata akigombeza kuku. Tangu arudi kutoka Kombewa sijamsikia akikisema nje ya darasa. Mimi ndiye ninayeongea na wenye duka. Naumia kuona hivyo, na hilo ni neno langu mimi, si lake. Zamani ulipokuwa unakuja hapa na vitunguu, alikuwa akiimba.

Anauliza kama nimemaliza. Anasema kama bado una neno, mlango hajaufunga, uje uliseme kwa Lubukusu, lugha ya mama yake.

Nimemwambia hujui Lubukusu.

Anasema, basi tafuta mkalimani.

Enos Wakoli
kwa niaba ya Metrine Nakhungu